Amplifaya ya kwanza ya mpiga solo: wati zije mwisho

Muuza vyombo vya muziki akimwona kijana mwenye gitaa jipya la umeme, swali la kwanza ni wati. Unataka kumi, ishirini au hamsini? Kijana naye, kwa kuwa hiyo ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, anapapasa mfuko na kuchukua kubwa kuliko zote anazozimudu. Biashara imekwisha. Baada ya muda unakuta amplifaya imefunikwa kitambaa pembeni, inawekewa mabegi juu, na gitaa limechomekwa kwenye sabufa ya sebuleni.

Uchaguzi ninaouchambua leo ulianzia upande wa pili. Mnunuzi ni kijana wa ukoo wetu, amepanga chumba Dar es Salaam, na ukuta wake ndio ukuta wa jirani. Anajifunza solo: dansi za zamani, rumba, na nyimbo za kwaya anazosindikiza Jumapili. Roki hapigi wala hana mpango nayo. Hilo la mwisho ndilo lililoamua karibu kila kitu, na ndilo ambalo hakuna muuzaji aliyemuuliza.

Kwa nini liamue? Kwa sababu amplifaya ndogo nyingi zilizojaa madukani zimebuniwa kwa ajili ya mtu mwingine. Leo Fender alipokuwa akiunda zake California miaka ya 1940 na 1950, shabaha ilikuwa sauti safi, na kupasuka kwa sauti kulihesabiwa kuwa kasoro. Wapigaji wakaipenda kasoro hiyo. Mwaka 1962 Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki London, alitoa amplifaya yake ya kwanza, JTM45, kwa kufuata sakiti ya Fender Bassman. Kutoka hapo mkwaruzo ukawa ndiyo sura ya gitaa la umeme huko Ulaya na Marekani. Ndiyo maana leo hata kiamplifaya cha mwanafunzi kinakuja na kitufe cha distosheni kama pambo kuu, na mtu anayekisifia kwenye video hutumia dakika nzima kwenye sauti safi na robo saa kwenye mkwaruzo. Kijana wetu alikuwa ametazama video hizo nyingi mno.

Sasa sikiliza solo ya dansi inavyotembea. Mpigaji hapigi noti moja moja tu. Mara kwa mara anashika nyuzi mbili na kuzitembeza sambamba, do na mi, re na fa, kama sauti ya kwanza na ya pili katika kwaya. Hapo ndipo distosheni inapoharibu kazi, na si suala la ladha tu. Ni hesabu.

Chukua do yenye hezi 440. Kwenye gitaa, mi yake inaangukia hezi 554 na so yake hezi 659, ukiacha desimali. Amplifaya ikiwa safi, unasikia ulichopiga. Ikianza kupasua, inazaa sauti ambazo hukuzipiga, na mojawapo ni tofauti kati ya zile mbili. Kwa do na so, 659 toa 440 ni 219, na do ya oktavu moja chini ni 220. Zimekaribiana kiasi kwamba mkwaruzo unaongeza unene bila ugomvi. Ndiyo sababu wapiga roki wanapenda kushika do na so peke yake. Kwa do na mi, 554 toa 440 ni 114. Do ya oktavu mbili chini ni 110 na nusu hatua juu yake ni 116 na ushee, kwa hiyo sauti hii mgeni haiko kwenye noti yoyote. Imekaa katikati, inasuguana na kila kinacholia pale chini. Mwanafunzi anaona vidole vyake ndivyo vibaya, kumbe amplifaya ndiyo inayompigia noti ya tatu asiyoijua.

Ongeza mpangilio wa bendi zetu. Ukisikiliza Simba Wanyika au Les Wanyika, magitaa yanasukana: solo juu, rizimu katikati, besi chini, na kila moja linaacha nafasi ili jingine lisikike. Sauti iliyopasuka hutanuka na kuzijaza nafasi zote hizo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kikawa hiki: amplifaya itoe sauti safi, do na mi zisikike mbili, kwa kiwango cha sauti ambacho jirani atakivumilia. Ukisoma sentensi hiyo tena utaona wati hazijatajwa.

Hata hivyo lazima tuzizungumzie, maana ndizo zinazouza. Ukizidisha wati mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini halishtuki. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji takriban wati mara kumi. Kutoka wati 10 hadi 20 ni hatua ndogo sana, ingawa bei huwa haijui hivyo. Halafu kuna spika, ambayo boksi haliisemi kwa herufi kubwa. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa kati ya desibeli 97 na 100 kwa wati moja, ukipima umbali wa mita moja. Weka spika inayotoa desibeli 90, nayo itadai wati 10 ili kufika pale ile ya 100 ilipofika kwa wati moja. Mtu aliyenunua wati bila kuuliza spika amenunua nusu ya habari.

Zingatia pia kwamba desibeli 100 mita moja kutoka sikioni ni kelele, wala si mazoezi. Mtu anayefanya mazoezi chumbani usiku anatumia sehemu ndogo tu ya wati moja. Amplifaya ya wati 50 isiyo na namna ya kushushwa nguvu itamlazimu aishi kwenye ile milimita ya kwanza ya kitufe cha volyumu, ambapo ukigusa kidogo inanyamaza, ukigusa tena jirani anagonga ukuta.

Wati zina kazi moja ya kweli kwa mpiga solo, na nisiwe mchoyo wa kuisema. Anayetaka sauti safi mbele ya ngoma za bendi anahitaji wati nyingi kuliko mpiga roki, kwa sababu mpiga roki amplifaya ikimzidia na kuanza kupasua yeye anafurahi. Mfano bora ni Roland Jazz Chorus JC-120 ya mwaka 1975: amplifaya mbili za wati 60 ndani ya boksi moja, spika mbili za inchi 12, transista tupu, na sauti inayobaki safi hata ukiikaza. Kwa solo ya rumba sijui chombo kingine kinachofaa zaidi. Lakini ni mzigo wa kilo 28, na mahali pake ni jukwaani, si kwenye chumba cha kupanga.

Kabla ya kununua chochote tuliijadili sabufa, maana kijana alikuwa nayo tayari na hoja yake ilikuwa ya haki: spika ni spika. Hapana. Pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, zinatoa umeme dhaifu sana na zinataka mlango wenye ukinzani wa karibu omu milioni moja. Mlango wa sabufa au redio kwa kawaida una makumi ya maelfu tu. Pikapu inalemewa, sauti za juu zinameza ulimi, na gitaa linalia kama liko chini ya godoro. Ukiweka pedali ya distosheni katikati unapata tatizo la pili: spika ya gitaa huishia kwenye hezi 5,000 hivi na kuyakata makali yaliyo juu ya hapo, ilhali sabufa ina kispika kidogo kinachoyatoa yote. Kwa hiyo sabufa inafaa kusikiliza nyimbo unazoziiga. Gitaa lisichomekwe humo.

Tukabaki na watahiniwa watatu. Fender Frontman 10G ina wati 10 na spika ya inchi 6. Ni rahisi kuielewa: gein, volyumu, tribo na besi. Sauti yake safi inatosha chumbani, lakini haina mwangwi, na solo bila mwangwi kidogo husikika kavu kama imepigwa ndani ya kabati. Inahitaji umeme wa ukutani muda wote. Kwa mwenye bajeti ndogo siikatai.

Boss Katana 50, ambayo familia yake ilianza mwaka 2016, ni chombo cha kiwango kingine. Ina spika ya inchi 12, efekti ndani yake, na swichi inayoishusha kutoka wati 50 hadi nusu wati. Swichi hiyo peke yake inajibu malalamiko yangu yote ya aya za juu. Kama kijana angekuwa anaingia bendi mwaka huu, mjadala ungeishia hapo.

Wa tatu ni Roland Micro Cube GX: wati 3 na spika ya inchi 5. Muuzaji alitabasamu tulipoiomba. Lakini miongoni mwa sauti ilizopewa kuna moja iitwayo JC Clean, iliyotengenezwa kuiga ile Jazz Chorus niliyoitaja. Ina korasi, ina mwangwi, ina kipimo cha kutyunia nyuzi, na inatembea kwa betri sita ndogo za AA. Umeme ukikatika, mazoezi yanaendelea. Kwa mtu anayejifunza, amplifaya inayowaka kila jioni ina faida kuliko nzuri zaidi inayosubiri umeme urudi.

Upungufu wake upo. Waya mnene wa gitaa unalia hezi 82, na spika ya inchi 5 haiwezi kuusukuma hewani ipasavyo. Sikio linajazia sehemu fulani kwa kusikia vivuli vya juu vya noti hiyo, lakini mpiga rizimu atahisi kukosekana kwa kitu, na mpiga besi asiisogelee kabisa. Solo huishi juu zaidi, hivyo hasara yetu ilikuwa ndogo. Mbele ya ngoma haitasikika. Hilo nalo lina njia: tundu la spika za masikioni ndilo hilohilo la kutolea sauti, na kwa kebo yenye pini ndogo upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili, Jumapili inaingia kwenye mikisa ya kanisa na spika za ukumbi zinafanya kazi nzito.

Tukaichukua hiyo ya wati 3. Pesa iliyobaki ilinunua kebo nzuri ya gitaa na seti mbili za nyuzi.

Amplifaya za valvu hatukuzijadili kwa muda mrefu. Uzuri wake mkubwa uko katika namna zinavyopasua, na sisi tulikuwa tunakimbia kupasua. Isitoshe, ndani yake kuna mamia ya volti ambazo hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Fundi asiyezijua asizifungue, na mwanafunzi asijaribu.

Jambo moja limewaunguzia wengi vyombo vyao, hasa wanaotumiwa mzigo na ndugu walio ughaibuni. Tanzania umeme wetu ni volti 230, Kenya 240. Marekani ni 120 na Japani 100. Amplifaya ya Marekani ukiichomeka moja kwa moja Tanga au Kisumu, inaweza kuungua kabla hujapiga noti ya kwanza. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 120 pekee, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi matumizi yaliyoandikwa pale, na gharama yake uiingize kwenye bei kabla hujasema umepata kwa bei nafuu.

Ukienda dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na gitaa lako mwenyewe, si la duka. Shusha gein hadi chini. Zima efekti zote. Pandisha volyumu mpaka kiasi unachotumia nyumbani, kisha piga do na mi pamoja, polepole, ukipanda shingo ya gitaa. Kama unasikia sauti mbili, endelea kuuliza bei. Kama unasikia mbili na fujo chini yake, jaribu nyingine. Na duka likikuambia kuchomeka ni baada ya kulipa, mshukuru muuzaji, uondoke.