Jiwe Lirudipo Kuwa Jiwe

Chokaa nzuri hung'ang'ania mwiko. Fundi huuchomeka kwenye rundo, akauinua, akaupindua kichwa chini. Iliyoiva hubaki pale pale. Isiyoiva huteleza ikaanguka, naye huifunika tena akaenda zake. Nilisimama kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe wa Unguja asubuhi moja nikimtazama mtu akifanya hivyo mara tatu bila kugusa ukuta, na mara ya tatu alinawa mikono akaenda kunywa kahawa. Siku ile ukuta haukupigwa lipu. Mimi niliyekuwa nikipita tu ndiye niliyeudhika, yeye wala.

Kungoja huko huanzia mbali na ukuta. Katika mwambao wetu chokaa ilitoka baharini, kwa kuchoma matumbawe. Tanuu yenyewe halikuwa jengo. Magogo ya mikoko na minazi yalipangwa duara kama miti ya gurudumu, tabaka juu ya tabaka, katikati pakaachwa tundu la kutilia moto, na matumbawe yaliyovunjwavunjwa yakalundikwa juu. Moto uliwaka usiku kucha, pengine na mchana wake. Jiwe la chokaa huhitaji joto la nyuzi 900 hivi ili ligeuke, na aliyepanga magogo yake vibaya alijua kesho yake asubuhi, alipokuta nusu ya mawe bado ni mawe. Hata yaliyoiva vizuri hupungua: katika kila kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu, nyingine zimepaa kama hewa.

Kisha maji, ya kuizima. Wengine waliliachia lundo umande na mvua, wengine walilimwagia kwa ndoo. Chokaa hai ikikutana na maji huchemka, ikatoa mvuke, ikapasuka na kuwa unga au uji mzito, na mtu akiisogelea bila hadhari huunguza macho. Hapo ndipo mwenye haraka angeanza kazi. Fundi huifunika akaiacha wiki kadhaa, au miezi. Sababu yake ni punje: ndani ya chokaa hubaki vijipande vilivyochelewa kuzimika, na vikipandishwa ukutani vingali hai hunywa unyevu, huvimba, na kuirusha lipu vijibonge, ukuta ukawa kama uso wenye chunusi. Heri punje ivimbe shimoni.

Ukutani chokaa hairuki hatua. Kwanza matundu baina ya mawe hutomewa kwa vijiwe na udongo wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, maana ukuta wa mawe ya matumbawe hauna uso ulionyooka. Ukuta hurowanishwa, kwa kuwa mkavu huinyonya lipu maji yake kabla haijashika. Ndipo huja lipu, kwa kawaida sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, mchanga usiwe na chumvi. Hupigwa tabaka jembamba, likaachwa siku kadhaa, likafuatwa na jingine, na kati ya tabaka na tabaka fundi hutundika magunia mabichi ili jua lisiikaushe. Mwisho hupakwa niru, chokaa laini iliyochujwa, ikasuguliwa mpaka ing'ae.

Kushika kwa chokaa si kukauka. Ile hewa iliyofukuzwa na moto tanuuni, ukuta huivuta tena kidogo kidogo kutoka angani, kuanzia juu kwenda ndani, kwa majuma na miezi. Ikisharudi, lipu imekuwa tena kile kilichochomwa: jiwe. Songo Mnara, karibu na Kilwa, mji ulihamwa yapata miaka 500 iliyopita, na bado ziko kuta zenye lipu yake. Juu ya lipu za magofu hayo, kama za Kilwa na Gedi, watu walikwaruza picha za vyombo vya bahari, tanga na milingoti. Mchoro wa mtoto au wa nahodha, sijui. Lakini nina hakika mwenye nyumba hakufurahi.

Wa Lamu walikwenda mbali zaidi. Katika nyumba zao za karne ya 18, chumba cha ndani kina ukuta mzima wa zidaka, yaani vishubaka, safu juu ya safu, zimezungushiwa nakshi zilizokatwa kwenye lipu. Nakshi ya namna hiyo hukatwa wakati lipu si mbichi wala si kavu, na muda huo ni mfupi. Fundi aliyeikosa saa hiyo alibomoa akaanza upya. Huko Kidichi, Unguja, kuna hamamu aliyoijenga Sayyid Said katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya mkewe kutoka Uajemi, na ndani yake lipu imekatwa maua na ndege. Ni kazi ya kupendeza, ingawa mimi huona zidaka za Lamu zimeishinda kwa utulivu.

Na kulikuwa na sakafu. Dari za nyumba za mawe zililazwa juu ya boriti kwa kokoto na chokaa, kisha kundi la watu likapanda na vipande vya mti kuipigilia, siku baada ya siku, kwa nyimbo na ngoma. Wimbo uliwafanya wapige pamoja, kwa uzito na sawasawa. Mchanganyiko unaposinyaa hufanya nyufa, na kipigo huzifunga kabla hazijakua. Wengi wa waliopigilia sakafu za matajiri wa Unguja walikuwa watumwa, na mwenye kusifu uimara wa dari zile asilisahau hilo.

Leo tukisema saruji tunamaanisha mfuko wa kilo 50. Neno ni la zamani kuliko mfuko. Kwa Kiajemi na Kiarabu, *saruj* ni udongo uliochomwa, ukatwangwa na kuchanganywa na chokaa. Huko Oman ndio uliopakwa kwenye mifereji ya aflaji na kwenye ngome. Aina ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1824, ilipofika kwetu ililikuta jina limeshatandikwa, ikaketi. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, cha Wazo Hill mwaka 1966. Cha Bamburi kilichimba matumbawe ya kale: jiwe ni lile lile, moto ndio tofauti, nyuzi 1,450 hivi, na udongo umeongezwa. Hushika kwa saa chache.

Sina ugomvi na saruji. Nyumba ya matofali ya saruji hupigwa lipu ya saruji, na baada yake skimu ya jipsamu, ikapendeza. Tena chokaa ya zamani ilikula mikoko na miamba. Mwambao mzima ukirudia tanuu, tutavua nini? Chokaa inayouzwa mifukoni leo hutokana na mawe ya nchi kavu, na hiyo yatosha.

Ugomvi wangu ni saruji juu ya matumbawe. Ukuta wa mawe hunywa maji kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini, na chokaa huyatoa. Ukiufunika kwa saruji, maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yakafika kwenye vichwa vya boriti. Chumvi huganda nyuma ya lipu. Mwenye nyumba hugonga, akasikia ugumu, akaridhika. Baada ya misimu michache bonge zima huanguka na uso wa jiwe la kale. Huitwa fundi, naye hupiga saruji nene zaidi, kwa sababu analipwa kwa kazi na nyumba inatakiwa ipakwe rangi kabla ya Idi.

Ukirithi nyumba ya mawe, basi, usingoje Idi. Chokaa izimwe na ifunikwe kabla ya masika, na ukuta uanzwe mwezi wa Juni, mvua zikishapita na jua la kipupwe likiwa pole. Umuulize fundi ameifunika tangu lini. Akikujibu tangu jana, mlipe nauli yake arudi nyumbani.