Kuipima Beji ya Skauti wa Shule

Ukiletewa beji ya kundi la skauti wa shule, Bukoba au Muleba, ibandike ukutani kisha rudi nyuma hatua kumi. Usichokiona hapo hakitaonekana skauti wakipita kwa gwaride huku wazazi wameketi jukwaani katika uwanja wa Kaitaba. Beji nyingi huanguka mapema hivyo, kwa sababu kamati imetaka kila kitu kiingie: kitabu, mwenge, samaki, mgomba, jembe na kaulimbiu ndefu. Ngao yenye kitu kimoja kikubwa naipa alama za juu. Viwili navivumilia.

Tazama rangi kabla ya michoro. Wachora ngao wa Ulaya ya kale walikataza rangi nyepesi kukaa juu ya nyepesi, na nzito juu ya nzito, na walikuwa sahihi. Bendera yetu ya Tanzania ya 1964 inaonyesha sababu: mistari miwili myembamba ya njano inautenga weusi na kijani na bluu. Iondoe, rangi zote tatu zinamezana.

Ukweli wa alama ndio unaonigusa zaidi. Mkungu huning'inia, lakini ndizi zake hujikunja kuelekea juu. Aliyezichora zimeinama hajautazama mgomba ulio nyuma ya nyumba yake. Kahawa ya robusta ya Kagera huzaa vishada vilivyobanana kwenye vifundo vya tawi, basi vichorwe hivyo. Kikombe kinachofuka mvuke kiachiwe mgahawa. Bora kuliko vyote ni tunda moja la kahawa lililopasuliwa, punje zake mbili zikitazamana. Zamani Wahaya walioapa udugu wa damu waliapa kwa kahawa, na kwa vijana wanaokula ahadi pamoja sioni alama inayowafaa kuliko hiyo. Shule ya visiwani, Bumbire au Goziba, ina haki ya mtumbwi.

Kama ua la skauti wa dunia limo, hesabu. Petali tatu ni sehemu tatu za ahadi. Nyota ni mbili, kila moja ina ncha tano, ili zitimie kumi kwa kanuni kumi za skauti. Nyota ya ncha sita inaivunja hesabu hiyo, na beji irudishwe kwa fundi hata kama imedariziwa kwa ustadi.

Sasa igeuze. Nyuma ndiko uvivu hujificha: nyuzi zinazoning'inia, mafundo mazito, kitambaa cha kuimarishia kilichokatwa kombokombo. Mbele, pitisha ukucha juu ya darizi. Ukiona kitambaa kati ya nyuzi, mishono ni michache na itafumuka. Ukingo uzungushiwe uzi mnene pande zote. Beji ya kuchapwa siishauri, maana hubanduka kwa kufuliwa, na Bukoba mvua haikopeshi: shati la kaki hulowa na kufuliwa mara kwa mara. Uzi mwekundu usugue kwa kitambaa cheupe chenye maji na sabuni. Kikitoka cha waridi, usilipe hata malipo ya awali.