Picha ya Harusi na Picha ya Njaa

Filamu ninayotaka kuizungumzia safari hii si mpya. Ilitoka mwaka 2008, mtengenezaji wake ni Mholanzi aitwaye Renzo Martens, na jina lake ni Episode III: Enjoy Poverty, yaani, kwa lugha yetu, "Furahieni Umaskini". Najua wapo watakaoudhika na jina hilo kabla hata ya kuiona, na bila shaka ndivyo alivyotaka mwenyewe. Ni ya dakika 90, imepigwa Kongo, na mazungumzo yake mengi ni ya Kifaransa. Nimeichagua kwa sababu inauliza waziwazi swali ambalo wengi wetu tuliofika huku Sydney kwa kupitia kambini tumelibeba miaka mingi bila kupata mahali pa kulitua: ile picha yangu uliyonipiga nikiwa kwenye foleni ya unga, ni mali ya nani?

Hoja ya Martens ni fupi. Anadai kwamba fedha zinazoingia Kongo kwa njia ya misaada ni nyingi kuliko zinazotokana na shaba, koltani au almasi. Kama ni hivyo, anasema, basi umaskini wenyewe ni rasilimali kama madini, na kama madini mengine yote ya Kongo, wanaofaidika nayo ni wageni, si wenye ardhi. Tunamwona akiinua mkono katika mkutano wa Benki ya Dunia na waandishi wa habari, akiuliza kwa sauti ya upole kama umaskini nao ni mali ya taifa, na mwenyewe ni nani. Watu wanamtazama kama mtu aliyekuja harusini na jeneza.

Lakini kiini cha filamu kiko Kanyabayonga. Wasomaji wetu wa Butembo, Beni na Goma wanaujua mji huo, uko barabarani, na wengi wamepita hapo na mizigo yao. Martens anawakuta wapiga picha wa pale mjini, vijana wenye studio ndogo, ambao kazi yao ni ile ya mpiga picha yeyote wa mtaani kwetu: harusi, sikukuu ya kuzaliwa, ubatizo, picha za vitambulisho. Anakaa nao na kuwapigia hesabu. Kwa picha za sherehe mnapata hela kidogo sana, anawaambia, na wazungu wanaokuja kupiga picha za vita wanapata nyingi. Kwa nini msipige nyinyi? Anawaorodheshea bidhaa zinazouzika: maiti, wanawake waliobakwa, watoto wenye utapiamlo. Halafu anawachukua mpaka zahanati, wakapige picha mtoto aliyekonda mbele ya mama yake.

Sehemu hiyo ni ngumu kuitazama, na si kwa sababu ya mtoto peke yake. Ni kwa sababu ya nyuso za wale vijana. Wanajifunza. Wanafanya kama mwanafunzi anayetaka kumridhisha mwalimu, huku mikono ikionyesha kwamba kitu fulani kimewakwama. Mpiga picha wa harusi humwambia bibi harusi ainue kidevu. Hapa hakuna cha kumwambia mtu.

Kisha Martens anawapeleka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, kuomba ruhusa ya kupiga picha katika hospitali zake, kama wanavyoruhusiwa waandishi wa kigeni. Mkubwa wa pale anakataa. Picha zao hazina ubora, anasema, hawana kitambulisho cha uandishi, na zaidi ya yote, si vizuri kufanya biashara kwa kuonyesha mateso ya watu. Martens anamuuliza: na wale wageni je, hawalipwi? Jibu analopewa ni kwamba wale wamekuja kutafuta habari. Mradi mzima unafia pale. Vijana walioambiwa wanakaa juu ya mgodi wanajifunza kwamba mgodi una geti, na geti lina mlinzi.

Nimewahi kusikia watu wakiitetea MSF katika sehemu hiyo, na siwezi kusema hawana la kusema. Hospitali si soko, na mgonjwa ana haki ya kutopigwa picha na mtu yeyote, awe wa Kanyabayonga au wa Paris. Sawa kabisa. Lakini basi sheria hiyo iwafunge wote. Mei 2022 MSF yenyewe ililaumiwa hadharani kwa kuweka kwenye tovuti yake picha za wasichana waliobakwa huko Ituri, zilizopigwa na mpiga picha wa kimataifa, ambazo mtu aliweza kumtambua mhusika. Baada ya kelele waliziondoa. Ituri na Kanyabayonga haziko mbali, na kati ya filamu na picha hizo ni miaka 14. Wapiga picha wa harusi walikuwa wameambiwa kwamba mateso hayaonyeshwi kwa faida.

Katika sehemu nyingine ya filamu Martens anamuuliza mpiga picha wa Ulaya, anayeliuzia shirika la habari, kama watu waliomo katika picha zake nao ni wamiliki. Hapana, anajibu, picha ni yangu, mimi ndiye niliyeipiga. Anasema bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza saa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na yeye hana habari kwamba ameshika kisu.

Mpaka hapo nakubaliana na filamu. Tunapoachana na Martens ni kwenye hesabu yake.

Yeye analinganisha picha ya harusi na picha ya njaa kwa kipimo kimoja, fedha. Hii inaleta kidogo, ile inaleta nyingi. Tofauti kubwa zaidi imempita, au ameipuuza makusudi ili mchezo wake uende. Katika picha ya harusi, aliyemo ndani ya picha ndiye tajiri wa kazi. Yeye ndiye aliyemwita mpiga picha, yeye ndiye anayelipa, na kwa hiyo yeye ndiye anayeamuru. "Piga tena, nilifumba macho." "Mweke na shangazi." "Hii siitaki, irudie." Mpiga picha asiyesikia, wateja wanahamia studio ya pili. Katika picha ya njaa, mlipaji yuko ng'ambo, hajulikani, naye hatalipa kwa picha ambayo aliyepigwa anaipenda. Hebu fikiria mama wa zahanati ile akisema: ngoja kwanza nimvalishe mtoto shati safi, ndipo umpige. Kwetu ndivyo kila mama angefanya. Lakini picha ya mtoto mwenye shati safi haichangishi kitu.

Kwa hiyo Martens aliwakuta vijana wenye kazi ambamo mtu mweusi maskini ana amri juu ya sura yake mwenyewe, akawashauri waiache kwa sababu hailipi. Hata kama ni kejeli, na najua ni kejeli, kejeli hiyo waliilipia wao.

Huku Australia mashirika ya misaada yana baraza lao, ACFID, lenye kanuni za maadili, na kanuni hizo zinataka mtu apigwe picha kwa ridhaa yake na kwa kulinda heshima yake. Ulaya nako mashirika yalikubaliana kanuni za namna hiyo mwaka 1989, baada ya picha za njaa ya Ethiopia ya 1984 na 1985 kuwatia watu aibu. Ni hatua nzuri. Lakini ridhaa ya mtu aliyesimama kwenye foleni ni ridhaa ya namna gani? Anayekuomba picha amevaa fulana ya nembo ileile iliyo kwenye gunia la unga. Filamu inazionyesha nembo hizo kila mahali, kwenye maturubai, kwenye magari, na Martens anazitaja kwa ukali unaostahili. Unaweza kumwambia mwenye nembo hapana, halafu ukaendelea kusimama kwenye foleni kwa moyo uliotulia? Waliokaa Nyarugusu au Kakuma hawahitaji kujibiwa.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko kanuni zote hizo. Tunamwita mtoa msaada mfadhili, mwenye kutenda fadhila, au mhisani, na fadhila kwetu si kitu cha bure: aliyetendewa anadaiwa shukrani, na asiyeshukuru huitwa punda wa mateke. Serikali na magazeti ya Tanzania tangu miaka ya 2000 yamependa kusema "washirika wa maendeleo". Neno zuri, lakini sijamsikia mama yeyote wa kijijini akimwita mtu mshirika wakati yeye ndiye anayeshika karatasi ya majina.

Na karatasi ya majina ikishikwa na mtu mbaya, yanayotokea si ya picha tena. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri, wanawake walitakiwa kutoa miili yao ili wapate kazi kwa waliokuja kuwaokoa. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, ikiongozwa kwa pamoja na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mwanaharakati wa Kongo mwenyewe, ilitoa ripoti Septemba 2021: watuhumiwa 83, kati yao 21 wafanyakazi wa shirika hilo. Naitaja hapa kwa sababu filamu ya Martens, pamoja na ujanja wake wote, inawataja wanawake waliobakwa kama bidhaa ya kupigwa picha, na haimpi hata mmoja wao nafasi ya kuuliza swali. Asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa Martens mwenyewe. Anatembea msituni, nyuma yake wapagazi wamebeba masanduku ya chuma. Ndani mna taa za neoni, ambazo zinaunganishwa kijijini kwa jenereta, zinaandika Enjoy Poverty kwa rangi ya buluu na nyeupe, na wanakijiji wanacheza ngoma. Maandishi ni ya Kiingereza katika nchi ya Kifaransa, Kiswahili na Lingala, kwa kuwa watazamaji waliokusudiwa wako Ulaya. Hilo halifichi. Watetezi wake husema ndiyo maana: anaigiza mzungu wa misaada ili tumwone mzungu wa misaada. Nakubali kwamba anajiweka mwenyewe kwenye kioo, na ni wachache wenye ujasiri huo. Hata hivyo, yeye kibali cha kupiga anacho tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mlinzi wa geti anayemuuliza kuhusu ubora wa picha zake. Filamu ilimfungulia milango ya majumba ya sanaa. Ya Kanyabayonga inabaki Kanyabayonga.

Tumtendee haki: hakuishia hapo. Baadaye alikwenda Lusanga, palipokuwa Leverville, mashamba ya michikichi ya kampuni iliyokuja kuwa Unilever, na huko wafanyakazi wa mashamba wakaanzisha chama cha wasanii, CATPC, mwaka 2014. Wanachonga sanamu, zinatengenezwa upya kwa kakao, zinauzwa nje, na kwa fedha hizo wananunua ardhi na kuipanda. Mwaka 2024 kazi zao ziliwekwa katika banda la Uholanzi kwenye maonyesho ya Venice. Mimi naona hilo ndilo jibu lake kwa filamu yake mwenyewe, na ni jibu bora kuliko swali, kwa sababu mule wasanii wanauza walichochagua kukitengeneza.

Nasema haya si kwa ajili ya Waholanzi. Juni 2024 Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na Januari 2025 Goma. Katika jamii yetu hapa Sydney, kuanzia Blacktown hadi Auburn, mtu akitaka kuchangisha kwa ajili ya ndugu walioko huko, jambo la kwanza ni tangazo la kupeleka kwenye simu za watu, na jambo la pili ni picha ya kuweka juu yake. Watu wanabishana. Kuna wanaosema bila picha ya mtoto anayelia Waaustralia hawatatoa dola. Inawezekana ni kweli. Picha hizo ziko tele kwenye intaneti, hazina jina la mtoto wala la kijiji, na hakuna atakayetushtaki.

Lakini kutani nyumbani kwetu zipo nyingine. Harusi za Butembo, za Rutshuru, za Kanyabayonga kwenyewe, zimefifia rangi, nyuma kuna pazia lenye maua, na wenyewe wamesimama wima wakitazama mbele kama walivyotaka. Baadhi ya waliomo hatujui walipo leo. Ningependa, katika mchango ujao, mtu ampigie simu mmoja wa wale tunaowapata, amuulize kama anakubali picha yake ya harusi iwekwe kwenye tangazo, na akisema hapana, tutafute nyingine.