A Man Apart: Kisasi Hulipwa na Nani?

Filamu ya A Man Apart (2003), iliyoongozwa na F. Gary Gray, yamhusu Sean Vetter, askari wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya, anayeigizwa na Vin Diesel. Vetter anashiriki kumkamata mkuu wa genge huko Mexico. Kisha wauaji wanaivamia nyumba yake usiku, na mkewe anauawa.

Kwa upande wa fani, filamu haina jipya: risasi nyingi, maneno machache. Uzito wake umo katika tukio moja. Wakiwa katika mtego waliowawekea wauza dawa, Vetter anashindwa kuizuia ghadhabu yake. Anamshambulia mtu kwa ngumi, mtego unavurugika, na askari wenzake wanakufa. Wahenga walisema, hasira hasara. Hapa hasara imewaangukia wasiokuwa na hasira.

Kasoro kubwa ni kwamba mwongozaji anamlilia mke kwa kirefu, lakini askari hao anawapita upesi, ili tuendelee kumshangilia shujaa. Mwalimu atakayeijadili filamu hii darasani na awaulize wanafunzi wake: jamaa za askari wale, nao wamdai nani kisasi?