mRDT: Dhahabu Ilifanya Kazi Yake, Shabaha Ndiyo Iliyokosewa

Dhahabu haina kosa. Naanza hapo kwa sababu kila mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) inapotoa jibu la uongo, lawama humwangukia mhudumu wa zahanati, au bohari lenye joto, au tone la damu lililokuwa dogo. Chembe nano za dhahabu, za nanomita 40 hivi, zikiwa zimebebeshwa kingamwili, hupanda kwenye nitroselulosi na kunasa pale pale zilipopangiwa. Turkevich alionyesha mwaka 1951 jinsi ya kuzitengeneza kwa sitrati, Frens akaonyesha mwaka 1973 jinsi ya kuamua ukubwa wake, na waliokuja baadaye wameongeza kidogo sana juu ya kazi ya wazee hao.

Kosa ni kukiamuru kipimo kitafute HRP2, protini ya kimelea cha malaria aina ya falciparum, peke yake.

Naelewa kilichowavutia walioichagua. Falciparum humwaga protini hiyo kwa wingi katika damu, umbo lake limejirudia-rudia kiasi kwamba kingamwili hupata pa kushika mara nyingi, na inavumilia joto. Shiff, Premji na Minjas walipoandika mwaka 1993 kuhusu ParaSight-F, kipimo cha HRP2, lilikuwa jambo la kufurahia: malaria inasomeka bila darubini wala umeme. Wao siwalaumu, maana walikuwa wanafungua njia. Nawalaumu waliokuja nyuma yao, wakaigeuza njia hiyo kuwa barabara pekee ya bara zima.

Maana ishara ilikuwepo. Dd2, mojawapo ya vimelea vinavyooteshwa sana katika maabara za malaria duniani, haina hrp2, jeni inayotengeneza protini hiyo, na inastawi vizuri tu. Kimelea kinachoweza kuishi bila protini fulani hakifai kuwindwa kwa protini hiyo pekee. Hilo halikuhitaji utafiti mpya. Lilihitaji mtu wa kulisema kwa sauti siku ya kuandika masharti ya zabuni.

Mwaka 2010 Gamboa na wenzake wakaripoti kutoka Amazoni ya Peru vimelea vingi visivyo na hrp2. Bado ikaonekana ni habari ya mbali. Kisha ikaja Eritrea. Chukua sampuli za mwaka 2016 kutoka hospitali ya Ghindae: kwenye slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa, falciparum wanaonekana wazi. Kwenye kaseti, damu imepanda vizuri, bufa imetosha, mstari wa kontroli umekolea, na mahali pa mstari wa kipimo ni peupe. Hakuna kilichoharibika. Kila sehemu imetimiza ilichoagizwa, na mgonjwa anaambiwa hana malaria. Kati ya sampuli 26 za hospitali hiyo zilizochunguzwa, 21 hazikuwa na jeni hiyo. Shirika la Afya Duniani linataka nchi ibadili kipimo pale upungufu wa jeni unapoficha asilimia 5 ya wagonjwa.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba kipimo chenyewe kinawasaidia waliojificha. Mwenye kimelea chenye HRP2 anapewa dawa, kimelea kinakufa. Asiyeonekana anarudi nyumbani na homa yake, mbu anamuuma, ukoo ule unaendelea. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa vipimo vya HRP2 vingekosa asilimia 9.7 ya wagonjwa wa falciparum kwa sababu ya jeni kukosekana, na ukaona dalili kwamba vimelea hivyo vinaenea kwa kuchaguliwa.

Na hata jeni ikiwepo, HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mtoto amemaliza dawa mseto, anarudi na homa ya nimonia, mstari bado mwekundu, anapewa dawa mseto tena. Nimelalamikia hili miaka yote na sitaacha.

Makler na timu yake kule Oregon walikuwa wameona mbali. OptiMAL yao ililenga pLDH, kimeng'enya ambacho kimelea hukihitaji ili kupata nguvu na ambacho hupotea upesi kimelea kinapokufa. Wakajibiwa kwamba kipimo chao hakistahimili joto na hakioni vimelea vikiwa vichache. Ni kweli, udhaifu huo ulikuwepo. Lakini udhaifu wa kingamwili hurekebishwa kwa fedha na kazi ya maabara, na fedha zilikwenda kwenye HRP2. Zilikwenda pia kwenye makala zisizohesabika za vihisi vya grafini zinazojisifu kuona molekuli chache mno ndani ya bufa safi, bila kuonja damu ya mgonjwa hata mmoja.

Dhahabu ile ile inaweza kubeba kingamwili mbili kwenye kaseti moja. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoandaa zabuni za mRDT katika kanda hii: andikeni mstari wa pLDH ya falciparum kuwa sharti, kandokando ya HRP2, na mkubali kulipia tofauti ya bei.