Bahari ya Kisiwani Kwenye Kioo cha Sebuleni

Ukitaka kujua kama seva ya filamu ya nyumbani imetengenezwa na mtu anayeijua kazi, usianze kwa kuuliza diski yake ina ukubwa gani. Mwombe akuonyeshe maji.

Ninacho kipande cha dakika mbili nilichopiga kwa simu nikiwa kwenye mashua, tukivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, kusi imeanza kuvuma. Mbele kuna viwimbi vinavyometa jua, nyuma yake kuta za mawe ya matumbawe za ngome ya Gereza, juu anga la jioni. Hakuna nukta hata moja ya maji iliyotulia. Na kodeki zote, H.264 ya mwaka 2003, HEVC ya 2013, hata AV1 ya 2018, hubana picha kwa kukumbuka kilichobaki vilevile toka fremu moja hadi nyingine, kisha kuandika tofauti tu. Bahari haibaki vilevile. Seva inapokonveti kipande hiki kwa biti haba, mawimbi yanageuka miraba inayorukaruka, ukuta wa Gereza unalainika kana kwamba umepigwa lipu jana, na anga lililokuwa linatoka rangi ya chungwa kwenda zambarau polepole linakatika ngazi kwa ngazi. Mama yangu mdogo, ambaye habari za kodeki hazimhusu, alikitazama mara moja tu akaniuliza, "Mwanangu, mbona bahari imewekwa vigae?" Tangu siku hiyo jicho lake ndilo kipimo changu.

Kwa nini mtu wa pwani hii ajisumbue na seva wakati filamu zimejaa mtandaoni? Mei 2024 ilitujibu. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu tarehe 4, na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga. Wiki iliyofuata, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Waliokuwa na maktaba ndani ya nyumba walitazama walichotaka.

Msimamo wangu ni huu: seva bora ni ile inayokonveti mara chache. Kukonveti ni kuifungua filamu fremu kwa fremu na kuibana upya, na kila inapobanwa upya kuna kitu kinapotea kisichorudi. Kwa hiyo washa filamu kwenye televisheni, halafu mwombe fundi afungue dashibodi ya Jellyfin, programu inayoendesha seva ya filamu. Inaonyesha wazi kama faili linakwenda kama lilivyo au linakonvetiwa, na sababu yake. Mara nyingi sababu ni ndogo kabisa: maandishi ya tafsiri yaliyohifadhiwa kama picha, ambayo televisheni haiyawezi, hivyo seva inalazimika kuyachomea ndani ya kila fremu. Fundi makini aliyageuza kuwa maandishi ya kawaida siku ileile alipoiweka filamu.

Simu ya mgeni aliyekaa uani ambako Wi-Fi ni hafifu ni habari nyingine. Hapo kukonveti hakukwepeki, na hapo ndipo mashine pepe zinapomuumbua fundi. Wengi hutumia Proxmox, mfumo unaogawa kompyuta moja kuwa kadhaa: moja ya filamu, moja ya picha za familia, moja ya majaribio. Mpangilio huu naupenda, kwa sababu ukiharibu moja nyingine zinaendelea, na nakala ya akiba hurudishwa kwa dakika chache. Lakini kuna kosa ninalolikuta karibu kila nyumba. Mashine pepe imeachiwa prosesa ya aina ya jumla, kwa hiyo programu haioni uwezo kama AVX2 uliomo ndani ya chipu. Na grafiki ya Intel imeachwa nje, mashine pepe haijakabidhiwa. Sehemu ya chipu inayokonveti video, Quick Sync, ilianza mwaka 2011, na kuanzia prosesa za kizazi cha saba inamudu HEVC ya biti 10. Kompyuta ya mtumba ya ofisini kutoka Kariakoo inayo tayari. Kuifungia nje ni kununua jahazi na kulipiga kasia.

Kosa hili huhitaji kusoma mipangilio ili ulijue. Weka kiganja juu ya boksi, usikilize. Grafiki ikifanya kazi, feni inanong'ona na boksi lina uvuguvugu. Prosesa ikihangaika peke yake, feni inaunguruma ndani ya dakika moja, na kwenye joto la Masoko mwezi Februari picha itaanza kuganda.

Sikiliza na sauti. Sisi tumekulia kwenye filamu zilizotafsiriwa, kazi iliyompa jina Lufufu kwenye vibanda vya video, na nakala zake nyingi zimeshabanwa mara nyingi kabla hazijakufikia. Zikibanwa tena, herufi "s" na "sh" za mtafsiri zinatatarika kama samaki kwenye mafuta ya moto. Sauti ya namna hiyo ipitishwe bila kuguswa, hata pale picha inapokonvetiwa.

Kipimo kigumu kuliko vyote, nacho ndicho ninachokithamini zaidi, ni DVD za harusi. Ya mama mdogo ilifungiwa Lindi mjini. Picha zake ni 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu imesukwa kwa nusu mbili zilizopigwa nyakati tofauti. Seva isiyojali inaziacha zilivyosukwa, na mikono ya akina mama wanaopepea kanga inaota meno ya kitana. Fundi mvivu hutupa nusu moja, meno yanaondoka lakini ngoma inachezwa kwa kushtukashtuka. Anayejua huzifumua zote mbili akapata picha 50 kwa sekunde, na kanga inateleza hewani kama ilivyoteleza siku ile. Hakuna duka litakalokuuzia upya harusi hiyo.

Chumvi ya hewa ya baharini nayo usiisahau. Fungua boksi utazame pini za RAM. Zikiwa na ukungu, zinasuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli. Na uliza umeme: kompyuta ndogo isiyo na kazi hula wati 10 hadi 20, yaani kama uniti 11 za LUKU kwa mwezi ukichukua wastani wa wati 15.

Nikimaliza hayo nachomoa waya ukutani filamu ikiwa inaendelea. UPS, yaani betri ya akiba, ishikilie, seva izime mashine pepe moja baada ya nyingine, yenyewe ijizime. Nikichomeka tena sigusi kitu, naangalia saa tu. BIOS iwe imepangwa kuwaka umeme ukirudi, diski ziamke kabla ya Jellyfin, na filamu iendelee pale ilipokatikia. Kwa mama mdogo, toka umeme kurudi hadi bibi harusi kuendelea kushuka kwenye gari, ni dakika tatu na sekunde kumi.