Ngoma za Bujora

Ndani ya Makumbusho ya Wasukuma, pale Bujora, kuna pipa linalozunguka lenye namba za moja hadi kumi. Zimeandikwa kwa mifumo tofauti ya kuhesabu iliyokuwa ikitumika Usukumani, kila mfumo na kundi lake la rika. Kwa wana rika ilikuwa lugha ya siri: asiyeingizwa aliweza kukaa karibu nao wakihesabu asiambulie kitu. Aliyewaza kuliweka jambo hilo kwenye pipa alikuwa na kazi ngumu. Ngao unaitundika, mkuki unausimamisha, lakini namba iliyoishi mdomoni tu utaionyeshaje? Akaipa mzunguko. Mgeni anasoma safu moja, pipa linageuka, anakuta moja ileile ina jina jingine, na kabla hajafika mbali midomo yake imeshaanza kuhesabu. Naliona pipa hilo kuwa mojawapo ya kazi za akili nyingi kabisa katika makumbusho ya nchi hii, na halina dhahabu wala pembe ya ndovu hata chembe.

Bujora iko Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini kwa barabara iendayo Musoma, katika nchi ya majabali yaliyobebana. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1968 na padre kutoka Québec, Kanada, David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Miaka mitano kabla ya hapo, 1963, Tanganyika ilikuwa imefuta utawala wa machifu kwa sheria. Ngoma na viti vya watemi, ndio machifu wa Usukumani, vilivyokuwa vyombo vya dola, vikawa havina tena dola ya kuvitumia. Vilihitaji pa kukaa, na vilihitaji watu wa kuvielewa.

Hapo ndipo ufundi wa Bujora unaponivutia zaidi. Vitu havikuingizwa katika ghala la mraba na kupangwa kwenye makabati. Kanisa la pale lilijengwa la duara kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na altare yake ikachukua sura ya kiti cha enzi. Banda la watemi nalo lina umbo la kiti chenyewe. Ili kuthamini uamuzi huo ni vizuri kujua kiti kinavyotoka. Fundi huanza na gogo moja na tezo. Hakuna kiungo wala msumari. Kinachokaliwa na kinachosimama ardhini ni mti mmoja, na kila pigo la tezo huondoa kitu kisichorudi. Akikosea mguu mmoja, kazi yote imekwenda. Kiti cha namna hiyo kutoka Buruku, Unyamwezi kwa majirani wa Wasukuma, chenye egemeo refu na sura ya mtu iliyochongwa mgongoni, kipo katika makumbusho ya Berlin. Kinasifiwa duniani kote, nami nakubali kinastahili. Lakini huko kinatazamwa na watu wasiojua mtemi alikaaje. Bujora mtoto wa shule anaingia ndani ya kiti kwa miguu yake, na bibi yake anaweza kumweleza.

Ndani ya banda hilo ndimo zilimo ngoma za watemi. Hazikustaafishwa. Hupigwa katika sikukuu za kanisa, viongozi wa serikali wanapotembelea, na kwenye shughuli nyingine kubwa. Mhifadhi aliyefundishwa chuoni anaweza kushtuka, kwa kuwa kila kipigo huchosha ngozi. Mimi nasimama na wapigaji, na sababu ni ya kifundi.

Ngoma ni mti na ngozi, vitu viwili visivyokubaliana. Masika ngozi hunyonya unyevu ikalegea, sauti ikawa ya kufa. Kiangazi hujivuta mpaka ikatishia kuchanika, huku mti nao ukitafuta pa kupasukia. Mdudu huona vyote viwili ni chakula. Ngoma iliyofungiwa huharibika kimyakimya, na atakayegundua atakuta unga wa mbao sakafuni. Ngoma inayopigwa haina nafasi ya kuficha ugonjwa. Kabla ya shughuli hutolewa, hufutwa vumbi, husogezwa jua au moto ili ngozi ikaze. Mwenye sikio huigonga kwa vidole, huisogeza, huigonga tena, sauti ikipanda kidogokidogo. Hapo ndipo anapoijua kamba iliyolegea na ufa uliozidi tangu mwaka jana.

Ngozi ikichoka, inawambwa nyingine. Ngozi mbichi ya ng'ombe huloweshwa hadi ilainike, hunyolewa manyoya, huvutwa juu ya mdomo wa ngoma na kukazwa kwa kamba za ngozi, upande huu kisha upande wa pili, bila haraka, maana ikivutwa sana upande mmoja italia vibaya maisha yake yote. Hukaushwa polepole. Mti unabaki wa zamani, ngozi inakuwa ya jana, na hakuna Msukuma atakayesema ngoma ni nyingine.

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na haki ni kusema kwamba mmisionari naye alivuta. Aliutaka utamaduni wa Kisukuma uingie kanisani, na ukaingia. Lakini aliweka kitu palepale walipo wenye nacho, na hilo limekuwa kinga kubwa kuliko kioo chochote. Maelezo yakipotoka, mzee wa kijiji cha pili anaweza kuja kuyasahihisha.

Kila Juni, majira ya sikukuu ya Ekaristi, huchezwa Bulabo, tamasha la ngoma. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyotokana na mafundi wa dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana uwanja mmoja na kwa wakati uleule. Ushindi ni watazamaji: upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Umati unahama. Manju mmoja, ningi kama wasemavyo wenyewe, akitoa ubunifu mpya, watu wanakimbilia kwake. Wa pili akileta chatu, wanarudi mbio. Wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo, ngoma ya watu waliokuwa wakilima kwa pamoja. Hakuna bango la maonyesho linaloweza kueleza jembe vizuri kuliko hivyo.

Kwa hiyo nikiulizwa Bujora inahitaji nini kwanza, sitaji paa wala taa, ingawa navyo vina gharama. Nataja kijana anayekaa karibu na mwamba ngoma mzee, ashike kamba upande wa pili, asikie tofauti kati ya ngozi iliyokaza na iliyozidi kukaza. Kazi hiyo inastahili mshahara, sawa na ya anayekata tiketi mlangoni.